Homa ya Wanaojua

Sehemu ya Tisa

Jumamosi iliyopita tulimwacha Zaitun ndani ya stoo ya mkandarasi, mkono umezama kwenye gunia la mahindi hadi kiwiko, na mlango umefungwa nyuma yake.

Kilichomtisha si mlango. Ni mkono.

Mahindi yalikuwa moto.

Kila mama wa Kitale na Bungoma anajua. Mahindi makavu ni baridi ukiyashika, na hulia kama changarawe. Haya hayakulia. Yalimganda vidoleni, yakatoa harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye maji. Mahindi yenye unyevu yakifungwa guniani hujipika yenyewe.

"Unatafuta nini humo, Mama Nasro? Dhahabu?"

Alikuwa Wekoye, mkandarasi wa uwanja mpya wa njia ya Endebess. Mtu wa Matulo, mwili mkubwa, kofia ya manjano ya ujenzi kichwani hata akiwa kivulini.

"Umefunga mlango wa nini?" Zaitun akamuuliza.

"Ni upepo."

"Leo hakuna upepo."

"Basi ni mimi." Akacheka. "Sema shida yako."

"Nimekuja kuchukua mahindi niliyonunua. Ya githeri ya watoto wa kwaya. Hii ni nini mmenipimia? Hii hata kuku atakushtaki."

Wekoye akachungulia gunia, akashika kichwa. "Ai, bana! Hao vijana wamekosea. Wewe chukua yale ya upande wa magharibi, yamekauka vizuri. Haya ya mashariki yamekataa."

"Yamekataa nini?"

"Kukauka. Tunaanika, tunageuza, tunaanika tena. Yamekataa tu."

Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yalikuwa yameondoka.

Kwa mtu anayesoma hadithi hii leo mara ya kwanza, nieleze haraka. Sherehe za Mashujaa, sikukuu ya taifa zima, zimepewa Kitale mwaka huu. Serikali iliahidi pesa za uwanja, na pesa za serikali huja zinapojisikia. Wekoye aliishiwa dizeli katikati ya kazi. Ni msimu wa mavuno, na kila mkulima kutoka Endebess hadi Kiminini anatafuta mahali pa kuanika. Wekoye akatazama ngazi za kukalia watu kwenye majukwaa mawili, la mashariki na la magharibi, ndefu, safi, zimeangalia jua. Akazikodisha kwa wenye mahindi. Pesa ya kuanika ikanunua dizeli. Msicheke. Ndivyo uwanja wa taifa ulivyokamilika.

Zaitun hakucheka. Alikuwa anafikiria jua. Jua lilikuwa moja. Lilikuwa limewaka juma baada ya juma bila tone la mvua. Ngazi za magharibi zilikausha. Ngazi za mashariki zikaozesha. Basi shida haikutoka juu.

"Bwana Wekoye, chini ya jukwaa la mashariki kuna nini?"

"Udongo."

"Na chini ya udongo?"

Wekoye akafungua mlango taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni wake.

"Mama Nasro, wewe ni mtu wa mahema na viti. Panga viti. Na ukipita kwa mwenyekiti, nisalimie. Hilo unaloniuliza, mwenyekiti anajua."

Hakumgusa. Hakumtishia. Zaitun alitoka nje kwenye jua la saa sita, akaelekea kwa mwenyekiti.

*

Agneta, mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, alikuwa amefungua ofisi ndani ya hema uwanjani. Hema lilikuwa la Zaitun. Kiti alichokalia kilikuwa cha Zaitun. Hata thermosi ya chai ilikuwa ya Zaitun.

"Karibu, mama. Chai?"

"Jukwaa la mashariki lina maji chini yake."

Agneta alikoroga chai yake. Hakuuliza, maji gani? Hakuuliza, umejuaje? Hapo Zaitun akajua kwamba hakuwa amemletea mtu habari.

"Pale palikuwa kinamasi," Agneta akasema. "Tulijaza udongo. Mabomba ya kutoa maji yalikuwa kwa awamu ya pili ya pesa."

"Na?"

"Awamu ya pili haijafika. Ya tatu ndiyo ilifika. Hiyo ni ya rangi na mazulia."

"Si mngenunua mabomba na hiyo?"

"Mama, pesa ya rangi ukinunua bomba unaenda jela. Ni kosa."

"Kwa hivyo mkapaka rangi."

"Tukapaka rangi." Agneta akanywa. "Injinia Festus amekagua. Amesema litashika siku moja. Na sisi tunahitaji siku moja."

"Siku moja, watoto wa shule wakiruka juu yake!"

"Punguza sauti." Agneta aliweka kikombe chini. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio ulioogopesha. "Sikiliza. Nikisema leo jukwaa limeharibika, kesho sherehe inapelekwa kaunti nyingine. Wako tayari, wanatuombea mabaya kila Jumapili. Zunguka hapa Kitale uone. Mwihaki ameongeza vyumba kwa gesti yake, mkopo. Vijana wa bodaboda wamechukua pikipiki mpya, mkopo. Mji mzima umenunua sherehe kabla serikali haijanunua. Na nyinyi akina mama wa Bungoma, hayo mahema mapya mlinunua na nini?"

Zaitun alijua. Chama chao kilichukua mkopo, na dhamana ilikuwa nyumba ya Bi Khairunisa, jirani yake nyuma ya msikiti. Mjane yule hakutaka. Zaitun ndiye aliyekaa naye jioni nzima akimbembeleza. Ni sherehe moja tu, Bi Khairunisa. Tukilipwa, mkopo unaisha na mahema yanabaki yetu.

"Nasro wako yuko kwenye kwaya, siyo?" Agneta akauliza.

"Ndiye anayeanzisha wimbo."

"Mpatie homa."

"Nini?"

"Homa. Kesho ni mazoezi makubwa, ngoma na kurukaruka. Mtoto akiwa na homa haendi. Na siku yenyewe awe bado hajapona. Nakwambia kama mama mwenzangu."

Zaitun alimtazama.

"Ivy wako yuko wapi?"

Agneta alichukua kikombe tena, akapuliza chai iliyokuwa imeshapoa.

"Ivy ana homa."

*

Sasa nitawaambia alichofanya Zaitun. Alimpatia Nasro homa.

Nyinyi semeni mngefanya nini. Alipakia magunia ya upande wa magharibi kwenye lori la Salman, dereva wake, wakarudi Bungoma. Alipofika, Bi Khairunisa alikuwa ameketi mlangoni mwake akichagua mchele kwenye uteo.

"Asalamu aleikum, Zaitun! Wameanza kulipa?"

"Waleikum salaam. Bado, Bi Khairunisa."

"Itakuja, inshallah. Wanangu walikuwa na wasiwasi, nikawaambia tulieni, mambo yako mikononi mwa Zaitun."

Zaitun aliingia ndani haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Nasro alikuwa anapiga pasi sare ya kwaya. Msichana wa kidato cha kwanza, miguu mirefu, sauti ambayo ikianza hata muuza makaa husimamisha mkokoteni.

"Weka pasi chini," Zaitun akasema. "Kesho huendi Kitale. Una homa."

Nasro alijigusa paji la uso. "Mama, sina."

"Unayo. Nimesema."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu."

Nasro alizima pasi. Akaanza kukunja sare polepole, na Zaitun hakupenda ule upolepole.

"Ivy ana homa," Nasro akasema. "Kevin wa Injinia Festus naye ana homa. Wasichana wa msimamizi wa ujenzi, wote homa. Mwalimu Jepkorir anasema hii homa ina akili, inashika watoto wa wenye gari tu."

"Basi leo imeshika mtoto wa mwenye mahema."

Nasro hakucheka.

"Na Rispah?"

Rispah alikuwa rafiki yake wa dawati moja. Mama yake alikuwa mchoma mahindi karibu na stesheni ya reli. Katika kwaya wawili hao walisimama bega kwa bega.

"Mama, nakuuliza. Rispah nani atampatia homa?"

"Nasro, nenda ukale."

"Na wale wadogo wa primary wanaosimama nyuma yetu? Hao mama zao hawajui kitu, ama?"

"Nimesema nenda ukale!"

Msichana alikwenda. Alikula, akaosha sahani, akamwambia mama yake lala salama. Mtoto anayeondoka bila kubishana, chunga sana. Zaitun hakuchunga.

*

Alfajiri, aliposimama kutoka kwenye mkeka wa swala, kitanda cha Nasro kilikuwa kimetandikwa na sare haikuwepo.

Alimpigia Mwalimu Jepkorir, aliyekuwa ameondoka na basi la kwaya usiku. Haikushikwa. Simu za walimu zilikuwa zikikusanywa getini kwa ajili ya usalama wa wageni wakubwa. Akampigia Injinia Festus.

"Injinia, lile jukwaa litashika?"

"Mama, hiyo kazi nimeshasaini."

"Sikukuuliza kama umesaini. Litashika?"

Festus akakohoa.

"Mama, mimi hata siko Kitale. Sijisikii vizuri."

"Najua," Zaitun akasema. "Una homa."

Simu ikakatwa.

Lori la Salman lilikuwa limeshapakiwa sufuria za githeri na makarai ya chapati kwa ajili ya mazoezi. Zaitun akaruka ndani.

"Salman, endesha."

"Naendesha, dada."

"Endesha zaidi."

"Dada Zaitun, hii ni lori. Nikikimbia sana githeri itafika Kitale kabla yetu."

Kisha akamwona uso, akaacha mzaha. Kimilili walipita bila kusalimia mtu. Kiminini walipita wakipiga honi. Getini kwenye uwanja, askari aliona sufuria, akaona mvuke, akafungua bila swali. Chakula hakina kitambulisho.

Ngoma zilisikika kabla lori halijasimama.

Jukwaa la mashariki lilikuwa linang'aa. Rangi nyeupe, mpya, nzuri ya kuumiza macho. Na juu yake, safu kwa safu, watoto wa shule za kaunti mbili, wadogo nyuma, wakubwa mbele, wanaimba wakiruka. Kila waliporuka walitua pamoja. Mwalimu Jepkorir alikuwa chini akipiga filimbi: "Juu! Miguu juu! Mheshimiwa anataka kuona mashujaa, si wagonjwa!"

Nasro alikuwa katikati ya jukwaa. Bega kwa bega na Rispah.

Zaitun alifungua mdomo apige kelele. Ndipo akaona kijani.

Ilikuwa miche ya mahindi. Wakati wa kuanika, punje zilidondoka kwenye ufa, na wafagiaji hawakuziona. Upande wa magharibi punje za namna hiyo zililiwa na njiwa, kavu kama mawe. Huku zilikuwa zimeota. Mafundi wa rangi, kwa haraka yao, walipaka hata majani, na majani yakaendelea kukua, nusu meupe, nusu kijani. Miche hiyo ilifuata ufa huo, mstari mmoja, umejipinda kama upinde, kutoka mwisho huu wa jukwaa hadi mwisho ule. Ulipita chini ya miguu ya Nasro.

Watoto wakaruka. Mstari wote ukatikisika. Na upepo haukuwepo.

Zaitun akafunga mdomo. Akipiga kelele, watoto wote wangekimbia mara moja. Na jukwaa lisilostahimili kuruka lingestahimili vipi kukimbia?

"Salman. Fungua sufuria."

"Sasa hivi? Si tuliambiwa saa ya mapumziko?"

"Fungua zote. Acha harufu itoke."

Alitembea hadi kwa Jepkorir. Alitembea, hakukimbia.

"Mama Nasro! Tuko katikati ya wimbo!"

"Mwalimu, angalia miguu ya safu ya katikati. Usiseme kitu. Angalia tu."

Jepkorir alikuwa binti wa mkulima wa Endebess. Aliangalia. Filimbi ikamtoka mdomoni, ikabaki ikining'inia shingoni.

"Nani amepanda mahindi pale?" akanong'ona.

"Hakuna aliyepanda."

Jepkorir alimpa kipaza sauti.

"Watoto!" Sauti ya Zaitun ilizunguka uwanja. "Chakula tayari! Githeri na chapati!"

Kelele za furaha zikapanda.

"Tulia! Hakuna kuruka! Safu ya chini kwanza, polepole, mkitembea kama bibi harusi. Anayekimbia anakula wa mwisho, na nyama hataipata!"

"Kwani kuna nyama, Mama Nasro?" mvulana mmoja akaita.

"Wewe tembea vizuri uone!"

Walicheka, wakashuka. Safu ya kwanza. Ya pili. Mguu kwa mguu, taratibu, wakishikana mabega kwa mzaha, wengine wakijifanya bibi harusi kweli. Zaitun alihesabu pumzi zake. Safu nyingine. Nyingine.

"Nani ametoa hiyo amri?"

Wekoye alikuwa anakuja mbio, kofia ya manjano mkononi. Nyuma yake Agneta, simu sikioni.

"Rudisheni watoto juu! Watu wa televisheni wako getini! Mama, unajua unaharibu pesa ya nani?"

"Najua. Yangu. Na nyumba ya mjane," Zaitun akasema. Hakukiondoa kipaza sauti mdomoni, na uwanja mzima ukasikia. "Bwana Wekoye, jukwaa ni zima?"

"Ni zima kabisa!"

"Basi panda wewe. Nenda usimame pale katikati. Ukisimama, nawarudisha wote, na githeri nakula mimi."

Wafanyakazi wa ujenzi waliacha kazi, wakageuka. Fundi rangi mmoja alishusha brashi. Wekoye alitazama ngazi zake nyeupe. Alivaa kofia. Akainua mguu mmoja.

Akaurudisha chini.

Agneta alikata simu yake, akarudi nyuma hatua, halafu nyingine, mpaka akasimama kwenye nyasi.

Safu ya Nasro ikafikiwa. Rispah akashuka. Waliokuwa kushoto na kulia wakashuka. Nasro hakusogea.

"Nasro! Shuka!"

"Hapana, Mama."

"Nasro, sina mchezo!"

"Hata mimi." Sauti yake haikuhitaji kipaza. Ilishuka ngazi zote ikamfikia mama yake kifuani. "Ulitaka niwe wa kwanza kutoka. Nitakuwa wa mwisho. Mimi nina homa, siwezi kutembea haraka."

Watoto kwenye nyasi wakacheka. Jepkorir alifumba macho.

Nasro akageuka, akawanyoshea mikono watoto wa primary waliokuwa bado juu yake. Alimshika wa kwanza, akamvusha ule mstari wa majani. "Hatua kubwa, mdogo wangu. Usikanyage mahindi." Akamshika wa pili. Wa tatu alikuwa msichana mdogo mwenye soksi zimeshuka, akasita.

"Dada, mbona mahindi yanaenda?"

Zaitun alisikia kabla hajaona. Haukuwa mlipuko. Ilikuwa sauti ya chini, nzito, kama mtu mzima anayeketi kwenye matope. Kisha maji yakaanza kutiririka kutoka chini ya ngazi ya mwisho, ya kahawia, yakapita kwenye zulia jipya jekundu.

Juu, ule mstari wa kijani ulikuwa umegawanyika. Majani yalikuwa yameshuka na upande mmoja. Mizizi, myeupe, mirefu, ilikuwa inaning'inia kwenye upande wa pili.

Nasro alitazama miguu yake. Mmoja ulikuwa upande huu. Mwingine ulikuwa upande ule.

Na nyuma yake, safu mbili za watoto wadogo zilikuwa bado zinamngoja awavushe.